Makocha wa Kochini
Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 asilimia 34 ya wanawake wazima duniani hawakuushughulisha mwili vya kutosha, wanaume, 29. Makocha wetu wa Instagram wana dawa: mama akiweka picha anakimbia Coco Beach, jasho likimchuruzika, wanauliza suruali imembana kwa nini na mumewe kala nini. Kilomita haziwahusu. Utaambiwa asiyetaka maneno asiweke picha. Haya, lakini kampeni ya This Girl Can, ya kuhimiza wanawake wafanye mazoezi, ilipoanza Uingereza mwaka 2015, ililenga hofu hiyohiyo ya kutazamwa na kuhukumiwa. Picha ikifichwa, jirani aliyekwisha kutoa raba uvunguni anazirudisha. Kocha hana neno. Kidole gumba chake kinafanya mazoezi kutwa.