Taarifa ya Familia ya Mchungaji Iliyohamia Kampala, kwa Jamaa Walioko Dodoma

Ukristo wa Buganda ulianza kwa barua. Henry Morton Stanley aliiandika kuwaalika wamisionari waende kwa Kabaka Mutesa, yaani mfalme wa Buganda, nayo ikachapishwa katika gazeti la Daily Telegraph la London mnamo Novemba 1875. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana wakafika 1877, fundi mitambo wa Kiskoti Alexander Mackay akafuata 1878, na mapadri wa Kifaransa wakatia nanga Kigungu, karibu na Entebbe, Februari 1879. Tangu wakati huo hakuna mmisionari aliyekaa Kampala asiandike nyumbani kuomba sala, fedha, na chakula fulani ambacho wenyeji hawakijui. Taarifa hii inafuata desturi hiyo kwa uaminifu, isipokuwa kwamba familia inayohusika, ambayo ni mchungaji, mama mchungaji na watoto wawili, haikutoka Uingereza wala Ufaransa bali Dodoma, ilikuja kwa basi kupitia Mutukula, na kitu inachoomba ni mlenda mkavu.

Kanisa lililoituma lilikuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba kazi ingekuwa nyepesi. Wamisionari wengine hutumia miaka miwili wakijifunza lugha ya wenyeji, lakini hawa walikuwa wanakwenda nchi jirani ambayo marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na ambayo baraza lake la mawaziri lilipitisha Julai 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nyaraka hizo ni za kweli kabisa, ila wauza nyanya wa soko la Nakasero hawajapata nakala. Kwa mkazi wa Kampala aliyevuka miaka hamsini, Kiswahili ni kwanza lugha ya kambi, kwa kuwa ndicho kilichotumika jeshini tangu enzi za King's African Rifles, yaani jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, kikarithiwa na askari wa Idi Amin, na watu wengi walikisikia kikitamkwa kwa sauti kubwa na mtu mwenye bunduki aliyesimama barabarani. Askari wa Tanzania walipoingia mjini tarehe 11 Aprili 1979 na kumfukuza Amin, walishangiliwa, lakini nao walishangiliwa wakiwa na bunduki na wakizungumza lugha ileile. Ndiyo maana siku mchungaji alipopita kwa jirani na kusema "Hodi wenyewe, hamjambo?", kwa sauti iliyozoeleka sana mitaa ya Area C huko Dodoma, wazee wawili waliokuwa wakicheza omweso, yaani bao la Kiganda, walikaa wima na mmoja akatafuta kitambulisho mfukoni.

Haki itendeke pia kwa wamisionari waliotangulia, maana si wote waliokisaidia Kiswahili. Mackay alikuwa mpenzi wa Kiswahili na alitamani kiwe lugha moja ya eneo zima. Hata jina alilopewa, Muzungu wa Kazi, lilikuwa Kiswahili kitupu, nalo lilimfaa mtu ambaye mwaka 1882 mama yake Kabaka alipofariki aliacha kuhubiri ili kuunda jeneza la shaba kubwa kupita kiasi. Lakini Askofu Alfred Tucker, aliyefika baada ya kifo cha Mackay, alikikataa Kiswahili kwa maneno makali akikihusisha na Uislamu, na katika kitabu chake cha 1908 alieleza wazi kwamba afadhali Kiingereza. Mchungaji wa Dodoma huyasoma maneno hayo kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi iliyoandikwa miaka mingi kabla hajaajiriwa.

Kuna ugumu mwingine uliojificha katika maneno yanayofanana. Taksi, ambayo kwa Mtanzania ni gari dogo la kukodi, kwa Kampala ni basi dogo la abiria kumi na wanne, yaani daladala, na kwa hiyo siku ya kuwasili familia ilipoomba iitiwe taksi ili ipate faragha na masanduku yake, ilipata faragha pamoja na watu wengine tisa, mkungu wa ndizi na kuku. Gari dogo la kukodi huitwa "spesho haya". Vivyo hivyo mama mchungaji alipoelekezwa kukutana na kina mama wa kanisa "pale Mapeera", alitafuta wauza mapera kando ya Kampala Road kwa nusu saa, kumbe aliyekusudiwa ni jengo refu la Mapeera House, lililopewa jina la Padri Siméon Lourdel. Waganda walipowasikia wenzake wakimwita kwa Kifaransa mon père, yaani baba yangu, walisikia Mapeera, na hivyo mmoja wa waanzilishi wa Ukatoliki nchini akabaki katika historia akiwa na jina la tunda, kwa Kiganda na kwa Kiswahili sawia.

Kuhusu adabu, familia ilijifunza kwa makosa. Msichana wa jirani alipopiga magoti mlangoni kusalimia, kama inavyompasa msichana wa Kiganda aliyelelewa vizuri, mama mchungaji alimkimbilia akamwinua akidhani amejikwaa, kisha msichana akapiga magoti tena, akainuliwa tena, mpaka ikawa kama mazoezi ya viungo. Baba naye aliudhika siku ya kwanza alipokuwa amekaa barazani na gazeti na mpita njia akamwambia "Gyebale ko, ssebo", maana aliarifiwa kwamba tafsiri yake ni pongezi kwa kazi, akaona anadhihakiwa. Kumbe hiyo ni salamu ya kila siku, na Waganda humpongeza mtu kwa kazi hata kama kazi yenyewe ni kukaa. Juu ya chakula taarifa haina malalamiko, ila inaeleza kwamba neno emmere, yaani chakula, maana yake hasa ni matooke, ndizi zilizopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba, na kwamba mgeni aliyeshiba wali hadi kushindwa kuinuka bado ataulizwa kwa huruma kama amekula.

Kiini cha taarifa, hata hivyo, ni mahubiri. Kwa miezi mitano mchungaji alihubiri kwa mkalimani, kijana hodari ambaye kazi yake iliingia dosari kwa sababu Kiganda kimejaa maneno yaliyopitia Kiswahili: mchungaji akisema kitabu, kijana anasema ekitabo, akisema meza, anasema emmeeza, kanisa ni ekkanisa, sabuni ni ssabbuuni, na hata saa husomwa kwa namna ileile, ssaawa bbiri ikiwa ni saa mbili asubuhi. Waumini wakaanza kunong'ona kwamba kijana analipwa kwa kurudia. Mchungaji akaona muda umefika wa kusimama mwenyewe, akanunua Biblia ya Kiganda, ambayo toleo lake kamili la kwanza lilikamilishwa 1896 kwa juhudi za George Pilkington na Henry Wright Duta, akachagua andiko la kufunguliwa kwa wafungwa, akakariri wiki tatu.

Alilokuwa hajalijua ni kwamba Kiganda hutofautisha konsonanti fupi na ndefu, jambo ambalo sikio la Mswahili halikuzoezwa kulishika. Okuta, kwa t moja nyepesi, ni kuachilia. Okutta, kwa t iliyobanwa kidogo, ni kuua. Akiwa amefanya mazoezi jikoni kwa sauti ya kawaida hapakuwa na hatari, na mama mchungaji anashuhudia kwamba wafungwa wote waliachiliwa salama. Jumapili ilipofika Roho alishuka, mchungaji alipandisha sauti, akainua mkono, na kwa kuwa mhubiri wa Dodoma akikolea hubana kila konsonanti kana kwamba anakamua chungwa, aliwaamuru waumini mara nne mfululizo, "Mubatte!", yaani wafungwa wauawe. Mara ya kwanza kanisa lilinyamaza. Mara ya pili mzee wa kanisa alikohoa. Mara ya tatu kwaya ililala juu ya magoti yake kwa kicheko, na mara ya nne, ambayo mchungaji aliitoa kwa nguvu zaidi akidhani ujumbe umewagusa, bibi mmoja wa kiti cha mbele alisema kwa upole, "Mwana wange, wasamehe." Ibada ilihitimishwa kwa Tukutendereza, wimbo wa Balokole, yaani waliookoka wa uamsho ule ulioenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930, ambao mchungaji aliujua tangu utoto na ambao kwa bahati hauna mfungwa hata mmoja.

Watoto hawakuhitaji muda wote huo, kwani katika muhula mmoja walishika Kiganda uwanjani na Kiingereza darasani, na sasa hugombana kwa lugha ambayo wazazi hawawezi kuamulia. Mtu pekee anayezungumza Kiswahili na mchungaji kila siku ni mlinzi wa lango la nyumba za kupanga, mzee wa West Nile aliyestaafu jeshini, naye ana maoni yake. "Pastor," alimwambia baada ya wiki moja, "Kiswahili yako iko mingi sana, watu nachoka." Alieleza kwamba mtu akirudi usiku na kusema tafadhali naomba unifungulie lango kama hutojali, yeye hawezi kujua kama hiyo ni amri, ombi au maombi ya kufunga ibada. Mchungaji, ambaye amejifunza kusikiliza wenyeji, amekubali kusahihishwa. Kwa hiyo kila jioni, anapotoka kwenye ushirika wa nyumbani akiwa na Biblia kwapani, familia ghorofani humsikia akipaza sauti, "Fungua mulango!", na mlinzi akijibu, "Ndiyo, afande!", na jirani wa nyumba ya pili, yule mzee wa omweso, akifunga dirisha.