Barua ya Wazi kwa Mhandisi wa Halmashauri Yetu

YAH: SHUKRANI KWA MLIMA

Ndugu Mhandisi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima na taadhima, nakushukuru kwa mlima uliotujengea mbele ya jengo jipya la halmashauri. Watu wa Mwanza wana mawe, wa Lushoto wana milima. Hao wakichoka humlalamikia Mungu, na kesi inaishia hapo. Kiwanja chetu sisi ni tambarare, hata maji ya mvua hayajui yaelekee wapi. Wewe ukakaa, ukachora, ukapiga hesabu, ukatuletea mwinuko kwa fedha za umma.

Nimeupima kwa tepu. Ngazi zenu nne zinapanda sentimita 60. Rampu ya pembeni ina urefu wa mita 2.4, ukipimwa chini usawa wa ardhi. Kwa kipimo kinachotumika sana duniani, 1 kwa 12, ilitakiwa ifike mita 7.2, ila hapo ingegusa maegesho ya bosi. Gari lake, nakubali, halina mikono ya kujisukumia.

Mimi na kiti mwendo changu tuna kilo 80. Kwenye mwinuko wa 1 kwa 12, mikono ingepambana na kama kilo 7 tu za uzito huo. Kwenye wa kwako ni kilo 19 na ushei, yaani dumu la lita 20 lililomwagika kidogo njiani. Tena dumu ukichoka unalitua. Mimi nikiachia pete za magurudumu ili nishike upya, kiti kinarudi nyuma. Basi nasukuma kwa vipande vifupi vya harakaharaka, nimeinama kidevu kikitafuta magoti, maana nikikaa wima magurudumu ya mbele yananyanyuka na nabaki kutazama mawingu. Bega la binadamu liliumbwa kufikia embe mtini, si kufanya kazi ya nyonga. Waulize waliosukuma viti miaka mingi wanalalaje usiku. Vigae vinavyong'aa sitavisema. Asubuhi vikishadekiwa vinajisema vyenyewe.

Hata Kilimanjaro, pamoja na mita zake 5,895, kwenye njia ya Marangu kuna vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, mtu apumzike. Wewe kileleni hukuacha pa kusimama. Rampu inaishia mlangoni, na mlango unafunguka kwa nje. Mkono mmoja unazuia gurudumu la kulia, wa pili la kushoto, na kitasa kinasubiri mkono wa tatu, ambao kwenye fomu zenu sijaona pa kuuandika.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Nasikia mkaguzi alikuja, akaiona rampu, akatia tiki. Yeye alipanda kwa ngazi.

Mwanzoni nilidhani ni uzembe, unisamehe. Nilikuwa nimekuja kufuatilia mkopo, ile asilimia 2 ya mapato ya ndani iliyotengwa kwa watu wenye ulemavu, na dirisha lake, Namba 4, liko humo ndani. Anayefika mwenyewe ana nguvu kiasi cha kutiliwa shaka ulemavu wake, asiyefika, hakuomba. Fedha za umma ziko salama, na mlinzi wa usalama huo ni zege lako.

Ninayo maombi mawili. Kwanza, wekeni kiingilio kama hifadhini, maana mazoezi ya namna hii mjini watu wanayalipia. Pili, siku ukipata nafasi njoo uupande mwenyewe, kiti nitakuazima. Breki ya kushoto imelegea, usiitegemee.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mpanda Mlima, Dirisha Namba 4

Nakala: Mlinzi wa mlango mkubwa, ambaye kazi ya kunisukuma haimo kwenye mkataba wake.