Ombi la Fomu ya Waombolezaji

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mazishi ya Kitaifa,
Nairobi.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Najua kamati yako huundwa kiongozi akifa na kuvunjwa kaburi likishafunikwa, kwa hiyo huenda barua hii ikakukuta hujateuliwa bado. Si neno. Iweke kwenye jalada. Marais wastaafu ni binadamu, na siku yako itafika.

Kwanza heko. Rais mstaafu, Mzee Moi, alipofariki tarehe 4 Februari 2020, mlipanga mambo yakapangika. Siku tatu mwili ukalazwa Bungeni, bendera zikapepea nusu mlingoti, tarehe 11 ikatangazwa sikukuu ili tujae Uwanja wa Nyayo, na kesho yake akazikwa Kabarak kando ya mkewe, Mama Lena, kwa mizinga 19. Hata waheshimiwa waliokuwa hawasalimiani walijua pa kuketi. Enzi hizo, utakumbuka, kulikuwa na Tangatanga na kulikuwa na Kieleweke, kambi mbili zilizozozana ndani ya chama tawala. Wote wakawa wa matanga.

Kitu kimoja tu kiliwaponyoka: machozi. Magari yalikaguliwa, mikoba ikakaguliwa, machozi yakapita hivi hivi.

Siku ya Nyayo mimi nilikuwa kwa kinyozi, Kawangware. Televisheni ilikuwa juu ya friji ya soda, na kitini alikuwa mzee mmoja, kichwa kimenyolewa upande wa kushoto tu. Akatokea mheshimiwa fulani (jina nalihifadhi, ana mawakili). Akavua miwani, akapangusa chini ya jicho mara mbili kwa kitambaa ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani, kisha akachungulia kamera iko upande gani. Mzee akainua mkono, mashine ikazimwa.

"Huyu," akasema, "Desemba ya 2002 tulikuwa naye Uhuru Park. Alizomea mpaka sauti ikamkauka."

Kinyozi, ambaye mwaka huo alikuwa chekechea, akauliza, "Alikuwa anamzomea nani?"

"Si huyo anayemlilia!"

Mzee hakusema uongo kuhusu siku yenyewe. Tarehe 30 Desemba 2002 Moi alikwenda Uhuru Park kumkabidhi Kibaki nchi baada ya miaka 24, na umati ukamzomea na kumrushia matope. Miaka 17 baadaye hukuweza kumpata mtu hata mmoja aliyeshika tope. Nilijaribu kuuliza pale kwa kinyozi. Sita tulikuwamo, na sote tulisema tulikuwa nyuma sana.

Kwa hiyo naomba fomu. Iwe ukurasa mmoja, ijazwe na kila anayetaka kipaza sauti. Swali la kwanza: tarehe 30 Desemba 2002 ulikuwa wapi, na mikono yako ilikuwa na nini? La pili: uchaguzi wa mlolongo wa 1988, wa kupiga kura kwa kupanga foleni, ulisimama mstari gani, na mstari mfupi ulipotangazwa mshindi ulisema nini? Anayeanza hotuba kwa kusema marehemu alikuwa baba yake kisiasa aeleze ni lini alimkana baba huyo, ni lini alimrudia, na kati ya hapo alikuwa akila kwa nani. Pale chini paachwe mistari miwili ya kutaja kiti anachokiwania mwaka ujao wa uchaguzi. Najua wengi wataomba karatasi ya ziada.

Usiniambie marehemu hasemwi. Hilo nalijua, na wala si yeye ninayemsema. Maziwa ya Nyayo niliyanywa shuleni, zile pakiti za pembe tatu, na nitakuwa mwongo nikisema hayakuwa matamu. Nawasema walio hai. Mwaka 1984 Moi aliwataka mawaziri wake waimbe kama kasuku, wafuate wimbo wake kama yeye alivyofuata wa mtangulizi wake, Kenyatta. Aliomba waimbe akiwa madarakani. Hawa wameendelea akiwa ndani ya sanduku, na wimbo umeongezewa beti ambazo hata mwenyewe hakuzitunga: mwanademokrasia, mlinzi wa katiba, adui wa ufisadi. Wakati wa kashfa ya Goldenberg serikali ilikuwa ikilipa fidia ya dhahabu na almasi zilizosafirishwa hewani, lakini siku hiyo uwanjani hakuna kasuku aliyekumbuka ubeti huo.

Kabarak nako kulikuwa na lake. Ng'ombe wa marehemu kwa desturi husubiri matanga yaanuliwe ndipo wagawanywe. Rungu lake la uongozi halikusubiri. Mwanawe Raymond alimkabidhi nduguye Gideon mbele ya umma, jeneza likiwa bado juu ya ardhi, na wachambuzi wakaanza kuhesabu kura za Bonde la Ufa kabla ya udongo wa kwanza kumwagwa.

Mlipata nafasi ya kujirekebisha 2022, Kibaki naye alipofariki. Kibaki, mtu aliyependa maneno machache kuliko wanasiasa wote niliowajua, alipewa Nyayo nzima ya maneno tarehe 29 Aprili, siku 102 kabla ya uchaguzi. Kila msemaji alimfanya mgombea mwenza.

Kuna jambo linanikera nikilikumbuka. Tarehe 3 Februari 2020, siku moja kabla ya Moi kufariki, watoto zaidi ya 10 walikufa kwa kukanyagana kwenye ngazi za Shule ya Msingi ya Kakamega, wakitoka darasani kwenda nyumbani. Hawakutangaziwa sikukuu. Kufikia wikendi magazeti yalikuwa yamejaa kurasa nzima za rambirambi za kampuni na waheshimiwa, picha ya anayetoa pole ikishindana ukubwa na picha ya marehemu. Mtoto wa Kakamega hana eneobunge la kurithisha.

Ombi la mwisho ni la njia ya msafara. Kutoka Bungeni hadi Jumba la Nyayo mtu huenda kwa miguu. Ghorofani watu hupanga foleni ya pasipoti. Chini kuna vile vyumba ambamo wafungwa wa kisiasa wa miaka ya 80 walisimamishwa ndani ya maji gizani, na ambavyo vilifunguliwa umma uvione 2003. Nchi nzima ilielekezwa Uwanja wa Nyayo, na hakuna aliyetuelekeza kwenye Jumba la Nyayo, ingawa jina ni moja. Kamati ijayo iwatengee waliotoka vyumbani humo viti vya mbele, jukwaani kabisa, karibu na yule mwenye kitambaa kipya. Wao wasijaze fomu.

Wako mtiifu,
Mwombolezaji wa viti vya nyuma.