Pasi Miguu Juu

Mama watoto akiniita "Baba watoto" taratibu, silabi moja moja, najua kuna kitu chake kimepotea. Jumamosi ile ilikuwa pasi. Nayo ilikuwa uani, miguu juu, mpini nimeufukia kwenye ndoo ya mchanga, bamba linatazama mbingu.

Nilikuwa natengeneza jiko la kulehemu. Rezista nyingi za siku hizi hazina miguu. Nilizonunua Kariakoo zina urefu wa milimita 1.6 na upana wa 0.8. Ukipiga chafya, umerudi dukani. Dawa yake ni kupaka uji wa lehemu kwenye bodi ya saketi, kuvipanga vipande kwa kibano, kisha kuipasha bodi nzima kwa chini. Majiko ya kazi hiyo yanauzwa, ila nilipoulizia bei ndipo nikakumbuka kuwa nyumbani tuna pasi.

Shida ni kwamba pasi inajua nguo tu. Nukta moja ni nailoni, kama nyuzi 110. Mbili ni sufu, 150. Tatu ni pamba, 200. Lehemu yangu ya bati na risasi huyeyuka kwenye 183, na nguo ya nyuzi 183 bado haijafumwa.

Bodi ya kwanza niliiweka kati ya sufu na pamba. Themostati ikakata umeme mapema, uji ukabaki uji. Nikasukuma mpaka pamba na zaidi. Bodi ikaiva, ikawa na rangi ya chapati.

Ya pili nikaivizia. Ghafla uji wa kijivu ukang'aa kama zebaki, na vipande nilivyovipanga upogoupogo vikavutwa na lehemu, kila kimoja kikakaa mahali pake. Ila rezista moja, iliyoyeyukiwa upande mmoja kwanza, ikasimama dede kama mtoto wa miezi kumi. Nikapiga vigelegele.

Ndipo mama watoto akatokea, mkononi kashika shati langu la harusi ya jioni ile.

"Hiyo ni pasi yangu?"

Ikabidi niseme kweli: risasi ni sumu, pasi hiyo haigusi nguo tena. Hakujibu. Alinikabidhi shati lilivyo.

Harusini mjomba wake alinitazama mikunjo kutoka kola hadi pindo. "Vipi, mkwe, pasi yenu imeharibika?"

"Haijaharibika, mjomba," akadakia mama watoto. "Imepandishwa cheo."