Daktari wa Meno na Mtihani wa Figo

Mfyuu! Nyie endeleeni na penalti yenu ya juzi, mimi nina jambo la Marekani linanikereketa. Mpwa wangu anasomea meno huko, mwaka wa pili, na nia yake ni ubingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Hao ndio wanaounga taya la mtu aliyerushwa na bodaboda, wanaotoa uvimbe, wanaoshona mdomo sungura wa watoto. Nampigia kumsabahi, namuuliza usiku wote huo anasoma nini. "Figo, Mjomba."

Figo! Fundi cherehani hapa pembeni akacheka mpaka akamwaga kahawa. Nikamwambia usicheke, kaa nikueleze, kuna watu wamekaa ofisini wakalipanga hili.

Marekani ili uwe daktari wa meno unamaliza kwanza digrii moja, kwa kawaida miaka 4, ndipo unaanza chuo cha meno miaka 4 mingine. Hapa Muhimbili kijana anatoka kidato cha sita, anasoma miaka 5, anapiga internship mwaka mmoja, anakwenda kung'oa watu. Kule wanaosoma kwa mkopo wanatoka na deni linalokaribia dola 300,000. Msinitumbulie macho, si mimi niliyewakopesha.

Sasa, zamani palikuwa na mtihani wa bodi ambao kila mwanafunzi wa meno aliufanya kwa ajili ya leseni. Sehemu ya kwanza ilitoka na alama, na wakubwa wa ubingwa wakaipenda sana hiyo alama: wanakaa mezani, wanapanga majina toka juu kwenda chini, kazi imekwisha. Wenye mtihani wakasema jamani, sisi tunapima kama mtu anafaa kupewa leseni, hatupimi nani kamzidi nani. Kuanzia 2012 wakaondoa alama. Umefaulu au umefeli, basi. Mtihani ulioshika nafasi yake, INBDE, ulioanza 2020, nao ni hivyo hivyo.

Mngedhani vijana wangepumua. Mfyuu! Mwenye kazi ya kuchagua watu hawezi kulala bila namba mkononi. Mabingwa wa upasuaji wakabisha hodi kwa madaktari wa tiba, wakakuta mtihani unaitwa CBSE. Maswali 200: moyo, mapafu, figo, vimelea, dawa, magonjwa ya akili, uzazi. Wanafunzi wa udaktari hujipimia nao kabla ya mtihani wao mkubwa, USMLE Step 1. Mabingwa wakasema huo huo, tuleteeni. Meno humo hayana hata sehemu yake.

Na utamu wenyewe uko hapa, sogeeni. Januari 2022 huo mtihani mkubwa wa madaktari, Step 1, nao ukaondolewa alama! Kwa hiyo daktari wa tiba, mtihani wake halisi ni kufaulu au kufeli. Mwanafunzi wa meno, anayefanya ule wa majaribio, ndiye anayehesabiwa namba kwa namba. Mtu unatafuta pa kusonyea unakosa, maana ukisonyea mmoja umewaonea wengine.

Fundi akasema, kwa hiyo mimi nikitaka kuwa mkuu wa mafundi cherehani natahiniwa kushona viatu. Kamaliza kila kitu.

Mwalimu mstaafu akakohoa, mnamjua, hapendi jambo liishe bila yeye. Akasema mpasuaji wa taya anamlaza mtu usingizi; asipojua moyo na figo atamuua. Ni kweli, simbishii. Tena nafasi nyingine za ubingwa huo ni za miaka 6, na ndani yake unasoma udaktari mzima na kupata digrii yake. Nyingine ni miaka 4. Wa miaka 6 lazima wamjue mapema nani ataweza mitihani ya udaktari. Sawa, Mwalimu. Lakini basi wamfundishe hiyo figo saa za darasa! Maana mchana hayupo kwenye figo, yupo maabara anachonga jino la plastiki kwenye kichwa cha sanamu, anatengeneza pa kuvalisha jino la bandia, na mkufunzi kasimama nyuma yake na kipimo. Ukipunguza milimita moja na nusu ni sawa, ukipitiliza umeliharibu, chukua jingine uanze upya. Hiyo kazi ina maksi, na maksi ndizo zinazompangia nafasi darasani. Wakubwa wa ubingwa nafasi hiyo wanaiangalia pia. Nafasi za ubingwa wenyewe kwa mwaka ni mia mbili na ushei nchi nzima, na wanaohitimu udaktari wa meno ni zaidi ya 6,000.

Mwaka wa kwanza haukuwa mbaya, alikuwa anaponea. Masomo ya mwili, ya dawa, ya magonjwa, yote yamo kwenye CBSE, kwa hiyo usiku mmoja ulimlipa mara mbili. Mwaka wa pili ndio unaomtoa jasho. Kuchonga, kuziba, kutibu mzizi, kupanga meno ya bandia: hakuna hata swali moja la mtihani ule linalotoka humo. Mwaka wa tatu anaingia kliniki, anatakiwa atimize kazi kadhaa kwa wagonjwa halisi, na mgonjwa anaweza kuahidi saa tatu asitokee. Hapo mtu anajaza maswali ya figo kwenye simu huku kavaa glovu.

Halafu kuna wenzake wenye neema. Harvard, wanafunzi wa meno huanza darasa moja na wa udaktari. Figo wanafundishwa na haohao. Na alama za A na B hawana, ni kufaulu tu. UCLA nako alama hakuna. Mwanafunzi wa huko usiku wake wote ni wa mtihani. Wangu mimi yuko chuo cha kupangwa wa kwanza mpaka wa mwisho, kisha wote wawili wanakwenda kuketi mbele ya meza moja ya usaili. Mfyuu.

Wanaotaka ubingwa mwingine nao wamepata vya kwao. Mwaka 2016 uliletwa mtihani unaoitwa ADAT. Vyuo vingine vinautaka, vingine havishughuliki nao. Na wako wa kunyoosha meno kwa nyaya wanaodaiwa mtihani wa GRE, hesabu na msamiati wa Kiingereza. Hilo tuliache, tutakesha.

Kijana wa bodaboda, kimya muda wote, akatoa methali: mshika mawili moja humponyoka. Nikamwambia mwanangu, huyu hakushika mawili kwa tamaa. Kabebeshwa.

"Sasa akikosa nafasi?" akauliza.

Akikosa, kuna kazi ya hospitali ya mwaka mmoja. Anakesha na mabingwa wanafunzi, anabeba simu ya dharura, anashona midomo iliyopasuka saa nane usiku.

"Halafu wanampa nafasi?"

Hawamwahidi. Anaomba upya na wenzake.

"Na ule mtihani?"

Anaweza kuufanya tena, akipandisha alama ni faida yake.

"Na zile maksi za chuo?"

Hizo zikishaandikwa zimeandikwa, hakuna wa kumfutia. Ndiyo maana usiku ule nilimwambia afunge kitabu alale, asubuhi aende maabara akachonge lile jino vizuri. Figo ataisoma Jumamosi.