Alizeti Zangu, Uso kwa Jirani

Kuna mimea yenye adabu. Muhogo ukiupanda nyuma ya nyumba, unatulia ardhini hata mwaka mzima, ukingoja uukumbuke siku unga wa mahindi umekwisha. Unachuma kisamvu chake na hauna kinyongo. Matembele ndiyo kabisa: unayakata leo, kesho yamechipua, hayaulizi kitu. Lakini alizeti! Alizeti unaipanda kwako, unaipalilia kwa jasho lako, unaiwekea samadi ya mbuzi wako, halafu siku ya kuchanua inampa jirani uso na wewe mwenye shamba unapewa kisogo.

Sisemi kwa mafumbo. Hapa Tingi, mkoani Ruvuma, kiwanja changu kiko kwenye mteremko. Upande wa magharibi ardhi inashuka kuelekea Ziwa Nyasa, upande wa mashariki kuna jirani. Alizeti zangu zilipokomaa, zote, bila hata moja kunionea haya, ziligeukia mashariki. Jirani akifungua dirisha asubuhi anapokewa na nyuso za njano zilizopangana kama kwaya siku ya Kipaimara. Mimi nikifungua langu naona visogo vya kijani vyenye malaika, vimeinama kidogo, bila shaka vinanisengenya.

Na huyo jirani hata jembe hakuniazima. Siku za palizi alikuwa akipita na kuniambia "Pole na kazi, baba," kisha anaendelea na safari zake. Zilipochanua akaja na kiti. Akaketi kibarazani kwake, mguu juu ya mguu, akapaza sauti: "Jirani, mwaka huu umetupendezesha!"

Umetupendezesha. Nani na nani?

Nikamwita mpwa wangu anayefundisha sayansi sekondari, nikitumaini ataniambia kwamba ni ugonjwa na una dawa. Akasema si ugonjwa, mjomba, ndivyo zilivyo. Alizeti changa ndiyo inayofuata jua: mchana shina hurefuka zaidi upande wa mashariki, kichwa kikalalia magharibi, usiku hurefuka upande wa magharibi, kichwa kikarudi kuingoja alfajiri. Ikishakomaa, shina linaacha kurefuka na kichwa kinabaki kimetazama mashariki hadi mwisho. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, Marekani, walichapisha utafiti wao mwaka 2016, wakaonyesha kwamba kichwa kilichotazama mashariki hupata joto mapema asubuhi na huvutia nyuki wengi zaidi, hata mara tano, kuliko kilichogeuzwa magharibi. Walijuaje? Walizipanda kwenye vyungu, wakazungusha vyungu.

Bahati yao. Zangu zina mizizi kwenye udongo wa Tingi, na mimi sina winchi.

Mtu atauliza: kwani ulilazimishwa? Sikulazimishwa na mtu, nililazimishwa na usipa, dagaa wa kwetu. Ukikaa karibu na ziwa hili, usipa si wa kukosa, na magege nao hupanda mlima kuja kutusalimia. Tatizo ni kikaangio. Mafuta ya kupima dukani yamekuwa na tabia ya kupanda bei bila kumuaga mtu. Nchi hii inahitaji zaidi ya tani laki tano za mafuta ya kula kwa mwaka, na sehemu kubwa tunaiagiza nje. Mwaka 2021, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipohimiza kilimo cha alizeti, mikoa ya kuanzia ilikuwa Singida, Dodoma na Simiyu. Ruvuma hatukutajwa, na mimi sikusubiri kutajwa. Nikasema nitaanza na uani kwangu.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba Tingi nzima ni mabwana shamba. Bwana shamba halisi alisema nafasi iwe sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, wala nisipande mapema, maana mvua zetu ni za msimu mmoja na kichwa cha alizeti kikikomaa mvua ikiwa bado inanyesha kinaoza. Nikakubali, nikapanda Januari ikielekea ukingoni. Shemeji yangu kutoka Umatengo akaja akautazama mteremko, akatikisa kichwa: bila ngolo, yale mashimo ya Wamatengo ya kuzuia mmomonyoko, udongo wote utahamia Mbamba Bay. Nikamwambia ngolo ni za mlima mzima, huu ni ua. Akasema maji hayajui ua. Mzee mmoja akaniuliza ni mbegu gani. Nikamwambia Record, hii ya siku zote. Akasema angekuwa yeye angenunua chotara. Nilipomweleza bei ya chotara, akasema hata Record si mbaya. Mama watoto naye hakuwa na maneno mengi. Aliipima kwa macho ile nafasi ya sentimita 75, akasema, "Hapo katikati pangetosha matembele," akaingia jikoni.

Ukipanda mwishoni mwa Januari, hesabu inakuangushia maua karibu na Pasaka. Hilo hakuna bwana shamba aliyenitahadharisha. Huku kwetu Wakatoliki ni wengi, na altare ya Pasaka haipambwi kwa maneno. Akina mama wa jumuiya walifika wakiwa na ndoo na visu, wakanisalimia kwa heshima iliyopitiliza, na mimi nikajua kumekucha. Nani anakataa? Unawezaje kusimama Jumapili kuimba aleluya wakati kanisa zima linajua kwamba uliwanyima maua? Wakakata. Wakakata nyuso zote zilizokuwa zimenawiri, wakaniachia mashina yaliyosimama bila vichwa na baraka nyingi.

Na sikuwa na pa kulalamikia, kwa sababu historia iko upande wao. Mmea huu asili yake ni Amerika Kaskazini, ambako wenyeji waliulima maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajauchukua na kuupeleka Ulaya katika karne ya 16. Huko ulikaa muda mrefu ukiwa pambo la bustani tu. Warusi ndio waliougeuza kuwa mafuta katika karne ya 19, na inasimuliwa kwamba Kwaresima ya Waorthodoksi ilichangia: siagi na mafuta ya nguruwe vilikatazwa, alizeti haikukatazwa. Kwa hiyo Kwaresima iliwapa Warusi mafuta, na mimi Pasaka ikaninyang'anya maua. Vincent van Gogh ndiye aliyejua kuishi na mmea huu. Mwaka 1888, akiwa Arles kule Ufaransa, alizichora zikiwa zimekatwa na kutiwa kwenye chombo mezani, mahali ambapo hazina jirani wa kumgeukia.

Zilizobaki zikapata wageni wengine. Tangu barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay iwekwe lami, magari yanayoshuka ziwani yamekuwa mengi, na watu wa mjini wakiona kitu cha njano hawapiti. Vijana waliingia kupiga picha. Walisimama wapi? Upande wa jirani, maana ndiko ziliko sura. Na jirani, nilimwona kwa macho yangu, akawa anawaelekeza: "Sogea hapo kidogo, dada, hapo utatoka vizuri." Mmoja akamshukuru kwa kulima maua mazuri. Akajibu, "Tunajitahidi." Mimi nilikuwa nyuma ya visogo, nimeshika jembe, na kwenye picha zile sidhani kama naonekana hata kofia.

Wakaja nyuki. Nyuki nawataka, sitawasema vibaya, kwani kile tunachokiita ua moja ni mkusanyiko wa vijiua vidogo mamia, mara nyingine zaidi ya elfu, na kila punje inatoka kwenye kijiua chake. Bila nyuki unavuna makapi mengi. Lakini kumbe nyuki nao wana uraia. Wakiwa juu ya ua, ni uzuri wa maua yetu. Mtoto wa jirani alipoumwa sikio, wakawa nyuki wangu. Niliitwa nikatoe pole, na nikaenda na mayai.

Baada ya nyuki, ndege. Chiriku na mnana wa Tingi hawana saa ya kupumzika. Wanatua juu ya kichwa kilichoinama, wananing'inia kichwa chini miguu juu, wanachomoa punje, wanaibangua, wanakula kiini na kunidondoshea maganda, tena kwa ustadi ambao watoto wangu hawana wakila karanga. Nikasimamisha sanamu la shati kuukuu na kofia. Siku za kwanza waliliogopa, baadaye wakawa wanalitumia kutazamia. Ndipo nikashuka ziwani nikatafuta nyavu chakavu za usipa, zile zenye matundu madogo, nikavifunika vichwa kimoja kimoja. Kijiji kizima kikapata la kusema. "Baba, leo umeopoa nini?" "Usipa wa huko juu una bei gani?" Nikanyamaza. Mwenye nyavu hajibu maneno, hujibu kwa kitoweo.

Bwana shamba aliporudi alinifundisha jambo moja ambalo hadi leo sijaamua kama ni faraja au tusi. Nilimuuliza nitajuaje zimekomaa. Akasema, "Angalia kisogo. Kikigeuka kutoka kijani kuwa njano, na njano ikaanza kuwa kahawia, vuna." Kumbe kazi imegawanywa tangu kuumbwa kwa ulimwengu: uso ni wa jirani, wa nyuki na wa wapiga picha, kisogo ni cha mkulima. Umepewa upande unaohusu kazi.

Tukakata vichwa, tukavianika, tukavipura kwa fimbo juu ya turubai, tukapepeta. Kuku wa kata nzima walihudhuria. Nilipopeleka mbegu kwenye mashine ya kukamua, mwenye mashine akapima, akaniambia kwa mashine ndogo kama yake nitegemee lita moja kwa kila kilo nne hivi. Nikakubali. Nikauliza na mashudu yangu. Akanitazama kwa huruma. Mashudu, baba, yanabaki hapa, ndiyo utaratibu. Chakula kile cha nguruwe na kuku, chenye thamani yake sokoni, kikabaki hapo, na mimi nikatoka na dumu la lita tano ambalo halikujaa.

Najua wapo walionizidi machungu. Wakulima wa Singida, waliolima kwa ekari na si kwa ua, walilia mwaka 2023 bei ya alizeti ilipoporomoka baada ya mafuta ya nje kuingia kwa wingi. Walikuwa wamehimizwa, wakaitika, wakavuna, soko likawageuzia kisogo. Nikiwafikiria hao, dumu langu naliona tangi.

Na kusema haki, mafuta ni mazuri. Yana rangi ya dhahabu, yana harufu ya mbegu yenyewe, na usipa uliokaangwa humo unaukata kwa meno hadi nyumba ya pili wanasikia. Walisikia kweli. Kabla sijamaliza sahani, jirani alikuwa mlangoni na kikombe. "Jirani, nimekuja kuonja mafuta ya alizeti zetu." Zetu! Nikatazama kile kikombe. Hakikuwa kikombe cha kuonjea. Mama watoto akakijaza hadi ukingoni, kwa sababu ujirani si wa mwaka mmoja, na kwa sababu, alinikumbusha, yule mtoto aliumwa na nyuki wetu.

Basi nimeshaelewa hesabu ya mmea huu, na msimu ujao sipandi hata punje. Sijaacha alizeti, nimebadili upande tu. Kule chini, magharibi yangu, kuna mzee mwenye kiwanja kitupu kinachopakana na kibaraza changu. Akipanda yeye, nyuso zote zitatazama kwangu. Nitafungua dirisha nisalimiwe. Nitaketi mguu juu ya mguu, niwaelekeze wapiga picha, na siku ya kukaanga nitatokea na kikombe changu. Nimekwisha kumpelekea mbegu za bure, nimemsifia udongo wake, nimemweleza habari za upungufu wa mafuta ya kula nchini kwa takwimu.

Mzee amenisikiliza kwa utulivu mkubwa, akapokea mbegu, akanishukuru. Kisha akaniuliza jua linachomoza upande gani.