Zimwi Lililochemsha Maji ya Kuoga

Wifi yangu alitumwa Kasese mjini kununua sufuria, akarudi Bwera na riwaya. Ya mtumba, ya Kiingereza, jalada jeusi lenye mwanamume wa mapembe aliyeshika mnyororo. Nyuma walionya kwamba mwenye roho nyepesi asiifungue. Teksi ilikunja Kikorongo, ikafika Kinyamaseke, naye kichwa kimezama kitabuni. Hata tembo angesimama barabarani asingemwona.

Mama mkwe hakuulizia sufuria. Aliuliza zimwi hilo la jaladani linakula nani.

Basi kila jioni ikawa kusomewa. Wifi anasoma na kutafsiri kwa Kiswahili, maana mgeni wetu wa Bunia, mfanyabiashara wa vitenge anayelala kwetu siku za soko la Mpondwe, hasikii Kiingereza wala Lhukonzo. Na hasara zikaanza. Mihogo iliyoanikwa kwa ajili ya unga wa bundu ikanyeshewa huku watu wazima tumekaa ndani tunangoja zimwi litokee. Mbuzi wakaingia kwenye maharage ya jirani, tukaomba radhi. Maharage yetu nayo yakaungulia kwenye sufuria kuukuu, ile ile iliyokuwa ibadilishwe, mpaka ikatoboka.

Hatimaye zimwi likaja. Lina jumba, lina watumishi, kazi halina. Linabisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwa binti. Linamchemshia maji ya kuoga. Linalia, eti halikupendwa utotoni. Mgeni wa Bunia akauliza kama ndiye yule wa kwenye jalada au ni mpishi wake.

Mama mkwe alikasirika hasa. Kwao aliyeko juu ya Rwenzori ni Kithasamba, mwenye theluji, na hakuna anayesimulia kifua chake kilivyo, kama kilivyofanya kitabu hiki. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, ukashusha mawe kutoka Kilembe hadi mjini, wazee walijua wanaogopa nini. "Huyu wenu," alisema, "amepeleka mbuzi wangapi wa mahari kwa baba wa binti?"

Hakupeleka hata mmoja. Na kwangu ubovu wa kitabu ulikuwa hapo hapo. Mwaka 1740 Mfaransa Gabrielle-Suzanne de Villeneuve alichapisha kisa cha binti na mnyama. Mwaka 1756 Jeanne-Marie Leprince de Beaumont akakifupisha, na hicho kifupi ndicho kilichoenea duniani. Mle baba anachuma tawi la waridi, deni linamwangukia, binti anakwenda kulilipa kwa nafsi yake. Unasoma mkono umeshika shavu. Katika riwaya ya wifi hakuna anayemdai mwenzake chochote. Mnyororo wa jaladani haukufunga hata mbuzi. Mwishoni mapembe yakaanguka, akabaki kijana tajiri mwenye meno mazuri.

Wifi alijitetea kwamba kuna kitabu cha pili na cha tatu. Mama mkwe hakungoja. Kesho yake jioni alianza kusimulia mwenyewe: zimwi limeteremka mlimani na washenga wake, wazee wamelikalisha kwenye kigoda kifupi, mapembe yanagonga dari, na mbuzi lilioleta ni wachache kuliko lilivyoahidi. Baba wa binti akasimama kuwahesabu upya, mmoja mmoja. Usiku huo mboga ya sombe iliungua, na hakuna aliyethubutu kuinuka kuepua.